Jumatatu ya Vinyozi

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba! Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukifungua bahasha hii tu utasema shikamoo. Dada yangu hakukulea kishenzi. Sisi huku wazima. Goti la mkaza mjomba wako limeacha kulia, siku hizi linanong'ona tu. Mimi usiniulize. Nina afya mpaka daktari wa hapa kona akiniona anahamia upande wa pili wa barabara, asije akakosa kazi.

Unaniuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Mwanangu, kwenye simu watu wanakatiza. Nikianza kisa mtu ananiambia "subiri kidogo, kuna mtu mlangoni." Barua haina mlango.

Barabara yetu iko vilevile, ndefu. Ukianza kuitembea pale stesheni umenyolewa, ukifika mwisho wake unahitaji kunyolewa tena. Na watu wa kila aina wamepita hapa. Kwanza walikuja watu wa mikate, wakaitwa wachafu. Wakaja watu wa vitambaa, na watu wa mikate wakawaita wachafu. Kisha tukaja sisi, sina haja ya kukuambia tuliitwa nini. Mvua ikinyesha, rangi ya ukuta wangu inalowa, na chini ya jina langu zinatokea herufi za wale wa zamani, kama watu wanaochungulia kuona nani kakaa ndani.

Sasa sikiliza. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mimi, pale palipokuwa na duka la vifungo la yule bibi wa mwisho wa watu wa vitambaa, kuna mtu kafungua biashara. Katoka nchi ya milimani huko, wanakuja wengi siku hizi, kila wiki basi zima. Na katika kazi zote za dunia hii, mtu huyu kachagua kazi gani? Kinyozi!

Nimempa jina Bwana Vioo. Kajaza vioo kuta zote, hata darini kaweka kimoja. Mteja akikaa anajiona vichwa kumi, na vyote vibaya. Ana taa zinazowaka mchana. Ana kiti kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga, kama vile watu wameenda pale kupanda lifti.

Sisemi kwamba nina wivu. Wivu ni wa watu wasio na kitu. Mimi nimemnyoa meya wa mji huu, na nilipomaliza nzi alitua utosini mwake akateleza, akavunjika mguu. Watu waliona.

Niandikie upesi.

Mjomba wako,
Kinyozi Mkuu wa Barabara Nzima


Tarehe 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka habari za yule nzi mpaka sindano imenichoma. Mimi mzima, cherehani nzima, ila mguu wake mmoja nimeuwekea kipande cha mbao, nikishona kwa kasi inatembea chumba kizima kama inanitoroka.

Nina habari. Kaa kwanza. Nimepata mchumba. Ni fundi bomba, alikuja kutengeneza bomba la jikoni na akawa anarudi kuangalia kama bado halivuji. Bomba la watu halijawahi kukaguliwa namna ile. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Mjomba, baba simkumbuki, na mama unajua. Wa kunishika mkono na kuingia na mimi ukumbini ni wewe. Simwoni mwingine. Funga duka wiki tatu, uje na mkaza mjomba. Tangu tumzike mama hujatia mguu nyumbani. Utakuja?

Halafu nikuulize. Wewe mwenyewe ulitusimulia kwamba vinyozi wa barabara yenu hufunga Jumatatu, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi wananyoana wao kwa wao, maana kinyozi hajinyoi. Na akija kinyozi mgeni, yule mkongwe ndiye anayevuka kwanza, anakaa kwenye kiti cha mgeni na kumpa kichwa chake, ili barabara nzima ione kwamba huyu ni mwenzetu. Sasa vinyozi wote wa zamani wameondoka. Umebaki wewe, na huyo Bwana Vioo. Jumatatu ya kwanza ilikuwa jana. Ulivuka?

Mgeni njoo mwenyeji apone, Mjomba.

Mpwa wako,
Fundi Cherehani


Tarehe 8 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera, hongera sana! Barua yako nimemsomea mkaza mjomba wako mara mbili, akalia mara moja, ya pili alikuwa anakata vitunguu kwa hiyo sihesabu.

Fundi bomba. Sawa. Sina neno na mafundi bomba. Ila mwangalie vizuri, mwanamume anayeshinda kichwa chini ya sinki huwezi kujua anafikiri nini. Na nywele zake zikoje? Nitumie picha, ya ubavuni, nione kisogo. Kisogo cha mtu hakidanganyi.

Mambo ya Oktoba tutaona. Oktoba iko mbali.

Kuhusu kuvuka. Mwanangu, usiseme mambo ya vinyozi kama vile unapima suruali. Ni kweli Mzee Sabuni, kinyozi mkongwe wa wakati ule, alinivukia mimi nilipokuja. Lakini unajua kwa nini? Sifa zangu zilikuwa zimenitangulia! Nilipofungua duka, foleni ilizunguka kona, trafiki akaja kupanga watu, na yeye trafiki mwenyewe akaishia kwenye kiti. Mzee Sabuni kaninyemelea anatetemeka, kofia mkononi, akaniomba, "Kijana, nifundishe." Nikamhurumia. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa huyu Bwana Vioo ana sifa gani ya kunitoa mimi hapa nivuke lami? Yeye ndiye aje. Mgeni njoo mwenyeji apone, unaniambia. Huyu kaja, na mwenyeji ndiye anayeumwa.

Na unajua anachofanya? Yule muuza mikate, mjukuu wa wale wa kwanza, mtu asiyeweza kuficha neno mdomoni hata akiwa ameng'ata mkate, kamweleza desturi yetu. Basi Jumatatu hii nikiwa nyuma ya pazia nikamwona. Kafagia kizingiti. Kafuta kiti. Kakivuta karibu na mlango, kauacha mlango wazi, kakaa pembeni kwenye stuli. Asubuhi nzima! Duka limefungwa, hana mteja, anatazama huku kwangu. Ananidhihaki. Anataka watu waseme, ona, mkongwe anamwogopa.

Mimi sasa nafuga nywele. Ni mtindo. Vijana wengi hapa wameniuliza niliupata wapi.

Mjomba wako,
Kinyozi Mkuu wa Barabara Nzima


Tarehe 20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Picha ya kisogo nimeitia humu. Fundi bomba anasema hajawahi kupigwa picha kwa nyuma isipokuwa na polisi. Ni utani, Mjomba, usianze kuandika barua nyingine.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa naipima kauli yangu, kama kitambaa cha mteja mkali. Sasa naikata.

Mkaza mjomba alinipigia simu. Aliniambia hizo nywele si mtindo. Aliniambia ulijifungia chooni na vioo viwili ukajaribu kujinyoa, ukajifyeka njia juu ya sikio pana kama kidole gumba, na tangu siku hiyo unalala na kofia. Ulimwomba yeye akusawazishe, akakujibu, "Mimi nasuka. Vuka barabara." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Mjomba, mama alikuwa anatusimulia habari za Mzee Sabuni wakati wa kutulaza. Alizipata kwako, siku hizo ulipokuwa mgeni. Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na trafiki. Mama alisema ulikaa kwenye duka tupu wiki nyingi, ukawa unakinyoa kiti vumbi kila asubuhi ili mkono usisahau. Watu wa vitambaa walikuwa wanapita wanageuza uso. Halafu Jumatatu moja ya mvua Mzee Sabuni akavuka, nywele zinamdondoka maji, akakaa kwenye kiti chako bila kuuliza. Aliyekuwa anatetemeka ni wewe. Ulishindwa hata kumfunga kitambaa shingoni. Naye akakuambia, "Nyoa tu, mwanangu. Nywele huota." Kesho yake wateja wakaanza kuingia.

Mama alipenda sana hayo maneno. Nilipoharibu gauni langu la kwanza la mteja, aliniambia hayohayo, ingawa vitambaa havioti.

Sisemi lolote. Nimekumbuka tu.

Na Oktoba? Hujanijibu. Umeandika "tutaona." Nani ataona, na lini?

Mpwa wako,
Fundi Cherehani


Tarehe 6 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Kisogo cha fundi bomba ni kizuri. Nilikitafutia kasoro siku tatu.

Usishangae kimya. Kazi zilinizidi. Nasema uongo, kazi hazikunizidi. Mama yako alikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko barabara hii, nami sitagombana na marehemu. Tuendelee.

Leo ni Jumatatu ya kwanza, na sasa hivi ninavyoandika kiti chake kiko mlangoni. Kakipaka mafuta. Mkono wa kiti unang'aa mpaka unanipiga machoni kupitia pazia. Mwezi wa tano alikitoa, wa sita akakitoa, na leo kakitoa na manyunyu haya.

Nikuambie yanayoniuma, kwa sababu wewe ni damu yangu na barua haina mlango. Dereva wa basi, niliyemnyoa siku ya harusi yake, na ya talaka yake, na ya harusi ya pili, wiki iliyopita kavuka. Kavuta kofia machoni, kaenda mbio, anadhani sikumwona. Mtu yule ana masikio kama milango ya gari, nitaachaje kumwona? Alitoka kanyolewa. Nilitamani awe kaharibiwa. Nilisimama hapa dirishani nikaomba, kweli niliomba, nione hata ngazi moja ya nywele kisogoni. Hakuna. Kazi safi. Pale nyuma ya sikio, panapowashinda vinyozi wote, pamelala kama hariri. Usiku sikula.

Na kicheko! Laiti wangekuwa wananyoana kimya. Wanacheka kule mpaka taa zinacheza. Hapa kwangu redio inazungumza na viti.

Mkaza mjomba wako naye anavuka. Kafanya urafiki na mke wa Bwana Vioo, hawana lugha, wanaelewana kwa mikono na unga. Akirudi namuuliza, "Wanasemaje kule?" Ananijibu, "Wanakuuliza hali." Uniambie wewe, mtu akiulizwa hali na adui yake ajibu nini?

Hata maneno ya watu wa milimani yameingia barabarani. Muuza mikate sasa anaamkia kwa lugha yao. Bango la duka la simu limeandikwa kwa herufi zao. Zamani lugha yetu ndiyo ilikuwa mpya, watu wakaibeba mdomoni kama peremende. Sasa hakuna anayeniomba nimfundishe hata kuhesabu.

Kwa hiyo Oktoba siwezi. Nimelisema. Usilie kwenye kitambaa cha mteja. Nikifunga wiki tatu, wale wateja wachache waliobaki watavuka, na akishawanyoa mara moja hawarudi, mimi ninajua, nimeiona ile kazi ya nyuma ya sikio. Nikirudi nitakuta jina langu nalo limekuwa herufi za chini ya rangi, za kuchungulia siku za mvua.

Wewe ni mtu mzima, utanielewa.

Mjomba wako,
Kinyozi Mkuu


Tarehe 25 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nimekuelewa. Kazi ni kazi.

Usiwe na wasiwasi kuhusu harusi. Jirani yangu fundi saa amekubali kunishika mkono na kuingia na mimi. Ni mzee mpole, hana mtoto wa kike, alifurahi mpaka akaangusha miwani. Ameshaanza mazoezi ya kutembea taratibu pale uani. Suti yake nimeshaipima.

Msalimie sana mkaza mjomba.

Mpwa wako


Tarehe 11 Agosti

Wewe mtoto!

Marahaba, na sijui hata kwa nini naitikia.

FUNDI SAA? Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Fundi saa! Mtu anayetazama dunia kwa jicho moja! Atakushika mkono wewe, binti wa dada yangu, niliyekubeba mabegani toka sokoni mpaka nyumbani ukanikojolea shati jeupe nami nikasema ni mvua? Yeye alikojolewa lini?

Na anafanya mazoezi ya kutembea! Mtu wa kufundishwa kutembea uzeeni ndiye wa kukuingiza ukumbini! Mimi nikiingia ukumbini watu wanasimama wenyewe, hata walioketi vizuri.

Hiyo suti uliyompima iache kwanza. Usiikate. Kama umeikata, usiishone. Kama umeishona, mpe mtu mwingine aliyekufa.

Mkaza mjomba wako ananiangalia tangu asubuhi na hasemi kitu. Nimemwambia, "Sema." Akasema, "Kinyozi hana wa kumwachia duka, sasa fundi saa amwachie nani saa zake? Mbona yeye amepata nafasi?" Huyo ndiye niliyemwoa.

Usimjibu fundi saa lolote mpaka upate barua yangu nyingine.

Mjomba wako.
WAKO. Si wa jirani.


Tarehe 7 Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima kabisa.

Leo ni Jumatatu ya kwanza. Asubuhi niliamka nikamwambia mkaza mjomba wako naenda kununua mkate. Akaniambia mkate upo. Nikamwambia huo ni wa jana. Akaniambia ni wa leo. Nikatoka hivyohivyo.

Kwa muuza mikate ni ng'ambo, mlango wa pili kutoka kwa Bwana Vioo. Nilivuka nikielekea kwenye mkate, Mungu ni shahidi, ila katikati ya lami miguu ikakosea. Barabara nzima ikageuka kutazama. Muuza mikate alitoka na unga mikononi. Mwenye duka la simu akaacha mteja. Dereva wa basi alikuwa anapita na basi lenyewe, akasimama pasipo na kituo, abiria wakachungulia madirishani. Hilo la basi sikuongeza hata chembe. Mengine nikisimulia naongeza, hilo la basi hapana.

Kiti kilikuwa mlangoni. Bwana Vioo alikuwa kwenye stuli yake. Aliponiona alisimama, stuli ikaanguka, hakuiokota. Mimi nikakaa. Nikavua kofia.

Mwanangu, vioo vile! Ile njia ya juu ya sikio niliiona huku, nikaiona kule, nikainua macho darini nikaikuta inanisubiri. Vichwa kumi, vyote vyangu, vyote vimefyekwa. Nikangoja acheke. Ningekuwa mimi ningecheka, nikawaita na majirani. Hakucheka. Alipitisha kidole pale palipoharibika, taratibu, kama wewe unavyopapasa kitambaa kilichoungua pasi.

Halafu akachukua kitambaa anifunge shingoni. Kikadondoka. Akakiokota, kikadondoka tena. Nikatazama kioo, nikaona mikono yake. Mtu mwenye foleni, mwenye taa, mwenye kicheko chote kile, mkono unamtetemeka kwa ajili ya kichwa changu! Wembe ulipogusa chini ya sikio akanichanja, tone moja, akageuka mweupe kama sabuni.

Basi nikamwambia, kwa lugha ya barabarani, ambayo yeye anaivunja na mimi naivunja, nikamwambia, "Nyoa tu, mwanangu. Nywele huota." Maneno mazuri, eti? Nimeyabuni mwenyewe palepale.

Akanyoa. Sitaki kueleza jinsi alivyonyoa. Mkaza mjomba wako aliponiona alinizunguka mara mbili kama anakagua gari, akasema nimerudi umri wa siku aliyonikubali. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Nimejipapasa nyuma ya sikio mchana kutwa. Inaniuma palivyo laini.

Alasiri akavuka yeye, akakaa kwangu. Nami nilimnyoa, na nikuambie tu kwamba nzi alijaribu kutua. Tulikunywa chai. Nikamwambia kuna harusi ya binti yangu, nikamwonyesha picha ya kisogo cha fundi bomba, akakisifu. Akaniuliza duka nani ataliangalia. Nikakoroga chai mpaka ikapoa. Kisha nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka mezani, nikaushika tena, nikauweka tena. Akauchukua kwa mikono miwili. Asubuhi atanyoa kwake, alasiri atanyoa kwangu, kwenye kiti changu, chini ya jina langu. Nimemwambia redio asiiguse, na wateja wangu asiwachekeshe sana.

Nimeandika haya mvua inanyesha. Nimechungulia dirishani, chini ya jina la Bwana Vioo ukutani, herufi za duka la vifungo zimeanza kutokea. Nilidhani zinatokea kwangu tu.

Tunafika wiki moja kabla ya harusi, mimi na mkaza mjomba wako. Ile suti ya fundi saa imalizie, punguza mabega upana, ongeza kiuno, itanitosha. Mwenyewe mwambie asihuzunike, nimemwekea kiti safu ya pili, pembeni, mahali ambapo ataniona vizuri ninavyotembea. Na watu wakiuliza nani kaninyoa vizuri hivi, waambie huko nje mjomba wako ana vijana wanaomfanyia kazi.

Wewe peke yako ujue ni nani.

Mjomba wako,
Kinyozi Mkuu wa Upande Huu wa Barabara